Ukali wa Hiari, Mshindo wa Lazima

Uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, msafiri aliyetaka kupanda ndege alibaki na njia ya Rwanda. Alivuka mpaka kuingia Gisenyi, akapanda basi la Kigali, na baada ya kuipita Musanze akafika Nyirangarama. Hapo abiria hushuka kununua mishikaki, viazi na maji, na wengi hutia mfukoni kichupa cha Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotengenezwa papo hapo na kampuni ya Sina Gérard. Matone mawili yanatosha sahani nzima. Kisha Kigali, kisha ndege ya kwenda Entebbe, Nairobi au Addis Ababa, na ndege nyingine tena, ili mtu aufikie mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Pilipili na ndege hukutana katika safari hiyo bila mtu kuvihusisha. Mimi navihusisha, kwa sababu vyote viwili vinauliza swali moja ambalo sayansi imelichimba kwa muda mrefu: kitu kikali kikimgusa mtu, ni nini kinachoamua kama kitakuwa raha au kero? Jibu la haraka ni kwamba kikizidi, kinakera. Jibu hilo halitoshi. Ukubwa wa ukali huamua sehemu tu ya jambo. Sehemu kubwa zaidi huamuliwa na kizingiti cha yule anayeupokea, na pia na nani aliyeshika kichupa.

Tuanze mezani. Katika nyumba nyingi za Goma bugali huja na sombe (majani ya mhogo), au lengalenga (mchicha), au sambaza waliokaangwa, na pilipili huwekwa pembeni, ndani ya kibakuli chake. Aliyeipika haitii ndani ya sufuria. Kila mmoja huchukua anachokiweza. Nitaurudia utaratibu huu baadaye, kwa kuwa naona una hekima ambayo wahandisi wa ndege za kasi hawakuwa nayo.

Kinachowasha ndani ya pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini. Haina rangi, haina harufu, na ulimi hauionji kama unavyoonja chumvi au sukari. Inapita mlango mwingine kabisa. Mwaka 1997 kundi la watafiti la David Julius, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, liliutambua mlango huo: protini iliyo kwenye ncha za neva za maumivu, waliyokuja kuiita TRPV1. Kazi yake ya asili ni kutuonya dhidi ya joto la kuunguza. Inapofikiwa na joto la nyuzi 43 hivi za Selsiasi hufunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia ndani ya neva, na ubongo hupata habari kwamba kuna kitu kinaunguza. Kapsaisini hujibandika kwenye protini hiyo hiyo na kukishusha kizingiti chake, hata joto la kawaida la mwili, nyuzi 37, likatosha kuufungua mlango. Ubongo haudanganyiki kwa uzembe. Unapokea ishara ileile ambayo ungeipokea kwa maji yanayochemka, na unaijibu vilevile: jasho linatoka, pua inachuruzika, machozi yanajaa. Mwili unapambana na moto ambao haupo.

Ukishaelewa hivyo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza yenyewe. Mchuzi wenye pilipili ukiwa wa moto huwasha kuliko ukipoa, kwa kuwa joto la mchuzi na kapsaisini vinasukuma mlango mmoja. Maji baridi hutuliza kwa muda wa kumeza tu, maana yanapoza mdomo lakini hayaiyeyushi kapsaisini. Hiyo huyeyuka katika mafuta, na ndiyo sababu mafuta ya Akabanga huibeba vizuri na kuisambaza kwenye kila tonge. Maziwa hufanya kazi yanapoachwa mdomoni kidogo, kwa kuwa protini yao iitwayo kaseini, pamoja na mafuta yaliyomo, huing'oa kapsaisini kutoka ulimini. Mji unaopata maziwa na jibini kutoka vilima vya Masisi umekaa karibu na dawa yake.

Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua protini ambazo seli hutumia kuhisi shinikizo, yaani kubonyezwa na kuguswa. Joto kwa mmoja, shinikizo kwa mwingine. Patapoutian alizaliwa Beirut mwaka 1967, na jina la mji huo litatokea tena katika habari hii kwa sababu nyingine.

Mmea wenyewe ulikuwa na sababu zake za kutengeneza sumu ya namna hii. Ndege wa porini hawaihisi kapsaisini: TRPV1 yao imeumbwa kwa namna ambayo kemikali hiyo haiifungui. Kuku akidonoa pilipili kichaa hahangaiki. Ndege hao humeza mbegu nzima na kuziangusha mbali, tayari kuota, ilhali mamalia hutafuna na kuziharibu. Kwa hiyo mmea umemfungia mlango anayeharibu na kumwachia wazi anayesambaza. Tena kuna adui mdogo zaidi. Joshua Tewksbury na wenzake walichunguza pilipili za mwituni nchini Bolivia, ambako baadhi ya miti huzaa pilipili kali na mingine huzaa zisizowasha kabisa. Waligundua kwamba mahali penye wadudu wengi wanaotoboa tunda na kumwingiza kuvu wa jamii ya Fusarium, miti yenye pilipili kali ndiyo iliyo mingi, maana kapsaisini humzuia kuvu huyo asioze mbegu. Ukali ulianza kama ulinzi wa mbegu, na binadamu hakukusudiwa kabisa kuufurahia.

Watu wa Amerika ya Kati na Kusini walizilima pilipili kwa maelfu ya miaka kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Wareno ndio waliozileta katika pwani za Afrika katika karne ya 16, na kutoka huko zikaingia bara kwa mikono ya wachuuzi na wasafiri, pamoja na mahindi na mihogo. Sahani ninayoiita ya kwetu imejaa wageni: mhogo wa Amerika, mahindi ya Amerika, pilipili ya Amerika, na hata sambaza, samaki aliyetolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wote wamekuwa wenyeji.

Mbona basi wageni hawa walipokewa kwa shauku? Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Jennifer Billing na Paul Sherman, walieleza kwamba nchi za joto hutumia viungo vingi kwa sababu viungo huua vijidudu vinavyoharibu chakula. Maelezo hayo yalipendwa sana, na bado hurudiwa kila mahali. Goma inayatilia shaka. Mji uko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku watu hujifunika blanketi, na bado pilipili haikosekani mezani. Mwaka 2021 Lindell Bromham na wenzake nchini Australia walipima zaidi ya mapishi 33,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba joto la nchi halielezi wingi wa viungo. Naona walikuwa sahihi kukataa jibu moja kwa swali lenye majibu mengi. Pilipili ni rahisi kulima, ni bei ndogo, na hukipa uhai chakula cha wanga ambacho familia hula kila siku kwa sababu ndicho inachokimudu. Mama mwenye fungu moja la sombe na watoto sita anaijua sababu hiyo bila kusoma jarida lolote.

Linabaki jambo gumu kuliko yote: kwa nini maumivu yawe raha. Mwanasaikolojia Paul Rozin alikwenda katika kijiji cha milimani nchini Mexico, karibu nusu karne iliyopita, kuangalia jinsi watoto wanavyojifunza kula pilipili. Hakuona mtoto aliyelazimishwa. Watoto waliwaona wakubwa na ndugu zao wakila, wakaanza kuonja wenyewe kidogo kidogo, na kufikia umri wa miaka mitano au sita wengi walikuwa wakijitilia kwa mkono wao. Nguruwe na mbwa wa kijiji hicho walikula makombo yenye pilipili maisha yao yote, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua, karibu wote hawakuonyesha kuipenda. Rozin alihitimisha kwamba binadamu hufurahia kuwashwa kwa kuwa anajua hakuna hatari. Mwili unapiga kelele za moto, akili inajua ni chakula, na pengo kati ya hayo mawili ndilo lenye utamu. Zaidi ya hapo, neva zinazochochewa mara kwa mara na kapsaisini hupunguza kujibu, ndiyo maana mlaji wa miaka mingi huhitaji pilipili zaidi. Tabia hiyo ya kuchoka imegeuzwa kuwa tiba: bandiko la ngozi lenye asilimia 8 ya kapsaisini hutumika kutuliza maumivu sugu ya neva.

Neno la kushika hapo ni kuchagua. Toa uchaguzi, na molekuli ileile inakuwa kitu kingine. Wakulima wanaopakana na hifadhi za Tanzania na Kenya huning'iniza kwenye kamba vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, na tembo huliacha shamba. Askari wa nchi nyingi hubeba mkebe wa kupulizia machoni uliojaa kapsaisini hiyohiyo. Na katika mila zetu wenyewe, mama hupaka pilipili kwenye titi ili mtoto aache kunyonya. Jambo hilo huchekwa katika mazungumzo ya wanawake, lakini mimi siwezi kulicheka. Mtoto huyo hana akili ya kumwambia kwamba si moto, na hana mkono wa kukisogeza kibakuli mbali. Kwake hakuna pengo lolote kati ya mwili na akili. Kuna maumivu tu.

Sasa tupande angani.

Ndege ya abiria inayopita kasi ya sauti nayo ni habari ya joto, kuliko wengi wanavyodhani. Kasi ya sauti yenyewe hutegemea joto la hewa. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri kilomita 1,235 kwa saa. Kwenye anga ya juu yenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri hushuka hadi kilomita 1,060 hivi. Ndege ikienda mara mbili ya kasi hiyo, husemwa iko Mach 2. Concorde ya Waingereza na Wafaransa iliruka kwa kasi hiyo, zaidi kidogo ya Mach 2, kwenye kimo kinachofikia mita 18,000. Huko nje baridi ni ya kuua, lakini pua ya ndege ilifikia nyuzi 127 za joto. Hakuna kilichowaka. Hewa iliyokutana na pua ilikosa pa kukimbilia, ikabanwa, na hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto.

Nyuzi 127 hizo ndizo zilizoweka mpaka wa kasi ya Concorde. Injini zake zilikuwa na nguvu za ziada, lakini mwili wa ndege ulikuwa wa alumini maalumu, na alumini ikizidishiwa joto hulegea na kuchakaa mapema. Katika kila safari ndege nzima ilirefuka kwa sentimita 15 na zaidi kutokana na joto. Ilipakwa rangi nyeupe ili ilitupe joto nje, na ilipopakwa buluu mwaka 1996 kwa tangazo la Pepsi, marubani walishauriwa wasikae kwenye Mach 2 zaidi ya dakika 20. Ulimi una kizingiti chake, na alumini ina chake. Tofauti ni kwamba wahandisi walikijua kizingiti cha alumini na kukiheshimu kwa kila safari. Kizingiti cha watu walioko chini kilichukua miaka mingi kuheshimiwa.

Kila kitu kinachokwenda kasi kuliko mawimbi kinayoyatengeneza huacha nyuma mawimbi yaliyorundikana. Boti ya kasi inayotoka Goma kwenda Bukavu hupita, maji yanatulia, kisha baada ya muda wimbi linafika ufukweni Kituku na kuzitikisa pirogi zilizofungwa. Ndege hufanya hivyo kwa hewa. Mawimbi ya sauti hurundikana yakawa ukuta mwembamba wa shinikizo unaoburutwa nyuma yake hadi ardhini, na masikio hulipokea shinikizo hilo kama mshindo, mara nyingi mishindo miwili inayofuatana. Watu wengi hudhani mshindo hutokea mara moja tu, ndege inapovuka kasi ya sauti. Sivyo. Unaiandama safari yote, na kwa ndege iliyoko juu kama Concorde hufunika ukanda wa ardhi wenye upana unaokaribia kilomita 100. Kila kijiji kilichomo katika ukanda huo hupigwa kwa zamu.

Kwa hesabu, shinikizo lenyewe ni dogo. La Concorde lilikuwa paskali 90 na kitu, chini ya sehemu moja kwa elfu ya shinikizo la kawaida la hewa. Tatizo ni ghafla yake. Wamarekani walijaribu kujua watu wanaweza kuvumilia kiasi gani: kuanzia Februari 1964, kwa miezi 6, ndege za kijeshi zilitoa mishindo 1,253 juu ya Oklahoma City, mara nane kwa siku. Madirisha yalivunjika, malalamiko yakafurika, na mwishoni zaidi ya robo ya wakazi walisema hawawezi kuizoea. Watetezi wa ndege hizo waliona ushindi, maana karibu robo tatu waliweza. Mimi naona kitu kingine katika takwimu hiyo. Wale robo tatu hawakukipenda kitu walichoweza kukivumilia. Mlaji wa pilipili huongeza kipimo chake mwaka hadi mwaka na kukitamani. Hakuna mtaa hata mmoja duniani uliowahi kuomba uongezewe mishindo.

Mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya ardhi yake, na nchi nyingine nyingi zilichukua msimamo kama huo. Concorde ikabaki ndege ya kuvuka bahari. Safari yake ya kwanza ya abiria kwa Air France, tarehe 21 Januari 1976, ilitoka Paris kwenda Rio de Janeiro kwa kupitia Dakar. Mwenzake wa Kisovyeti, Tu-144, aliyeruka kabla yake, mwisho wa Desemba 1968, alibeba abiria kwa miezi michache tu kati ya Moscow na Alma-Ata, kuanzia Novemba 1977 hadi katikati ya 1978. Concorde ilidumu, lakini kwa matajiri: viti 100, lita 25,600 hivi za mafuta kwa saa. Ajali ya Gonesse karibu na Paris, tarehe 25 Julai 2000, iliua watu 113, na mwaka 2003 mashirika mawili yaliyoirusha, la Wafaransa na la Waingereza, yaliiweka kando.

Kongo inayo sura yake katika historia hii, na si ya kujivunia. Rais wa zamani Mobutu Sese Seko alikuwa akiikodi Concorde ya Wafaransa, na katika Gbadolite, kwao, alijengewa njia ya ndege ya zaidi ya kilomita 3 inayoweza kuipokea. Ndege ya haraka kuliko zote za abiria ilitua katikati ya msitu wa Équateur ili kumchukua mtu mmoja na jamaa zake kwenda kununua vitu Ulaya, ilhali barabara za nchi hiyo hiyo zilikuwa zikimezwa na majani. Mwanakijiji wa Gbadolite aliyeitazama ikipaa hakuulizwa chochote, na gharama aliilipa yeye.

Goma isingeweza kuipokea Concorde hata kama ingetakiwa. Ndege hiyo yenye mabawa ya pembetatu ililazimika kukimbia karibu kilomita 400 kwa saa kabla ya kuacha ardhi, na katika mji wa juu, wenye hewa nyepesi, mbio hizo hurefuka zaidi. Ndiyo sababu mapema mwaka 1973 ndege ya majaribio ilipelekwa Johannesburg, mita 1,700 juu ya bahari, ijaribiwe kwenye joto na kimo. Njia ya Goma ilikuwa na mita 3,000. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mjini, ikafunika sehemu yake ya kaskazini, na kwa miaka mingi zikabaki mita 2,000 hivi za kutumia. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, na wengi wa waliokufa walikuwa watu waliokuwa kwenye shughuli zao, wasio na tiketi. Siwezi kuandika juu ya ndege na Goma nikaliacha hilo. Hatari ya usafiri wa anga ilishukia, kama kawaida yake hapa, walio chini.

Tufanye hesabu ya muda pia. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni kilomita 1,560 hivi kwa mstari. Ndege ya kawaida huzimaliza kwa muda unaokaribia saa mbili. Ndege ya Mach 1.7 ingehitaji chini ya saa moja angani, ukiacha muda wa kupanda na kushuka. Faida ni saa moja. Kwa uwanja uliofungwa, njia ya kuzunguka kupitia Kigali na nchi ya tatu hula siku nzima au mbili, pamoja na fedha za viza, hoteli na tiketi za ziada. Muda wa watu wa Goma hauibwi na wepesi mdogo wa ndege. Unaibwa ardhini, kwenye mipaka, na mtutu wa bunduki.

Hata hivyo mjadala wa kasi umerudi, na utatufikia. Tarehe 28 Januari 2025, siku moja tu baada ya M23 kutangaza kwamba imeitwaa Goma, ndege ndogo ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Kimarekani Boom ilivuka kasi ya sauti juu ya jangwa la Mojave, ikafikia Mach 1.12. Kampuni inakusudia kujenga ndege ya abiria 60 hadi 80. Ilitangaza kwamba mshindo wa XB-1 haukusikika chini. Fizikia yake ni ya kweli: hewa ya karibu na ardhi ina joto zaidi, sauti huenda kasi zaidi humo, na mawimbi yanayoshuka hupinda yakarudi juu kabla ya kugusa ardhi. Joto tena. Lakini ujanja huo una mpaka. Kwa hesabu rahisi isiyojali upepo, juu ya Mombasa yenye nyuzi 30, mawimbi yangeweza kupinda hadi ndege ifike karibu Mach 1.18. Kwenye kilele cha Nyiragongo, mita 3,470, ambako hewa ni ya baridi, mpaka hushuka hadi Mach 1.12 hivi. Nchi ya milima na baridi ni mahali pabaya kwa ujanja huu, na Kivu nzima ni milima.

Tarehe 6 Juni 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuondoa marufuku ya 1973. Wakati huohuo shirika la NASA limeunda ndege iitwayo X-59, yenye pua ndefu inayozuia mawimbi yasirundikane pamoja, ili mshindo ufike chini kama mdundo hafifu. Iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Mpango ni kuipitisha juu ya miji kadhaa ya Marekani na kuwauliza wakazi wamesikia nini na wamejisikiaje, kisha majibu yao yapelekwe kwa wasimamizi wa anga wa Marekani na wa kimataifa kama msingi wa kanuni mpya.

Kuwauliza watu ni hatua kubwa mbele kuliko Oklahoma, na nawapongeza waliofikiria hivyo. Wasiwasi wangu uko kwenye masikio watakayoyauliza. Mwaka 2024 ndege za kivita za Israeli zilivunja kasi ya sauti juu ya Beirut mara kadhaa. Hazikudondosha kitu, lakini watu walikimbilia mbali na madirisha, kwa sababu mji huo ulishajua mishindo ya kweli. Kizingiti cha sikio hukaa ndani ya kumbukumbu. Goma iliyolala Januari 2025 ikisikiliza mizinga, na iliyowahi kutetemeka siku nyingi mfululizo baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, haiwezi kuusikia mdundo wa angani kama mji tulivu wa California unavyousikia. Mlio ambao huko utaandikwa kuwa hafifu, hapa unaweza kumlaza mama chini ya kitanda na wanawe. Nyumba nazo si zile zile. Hapa watu wengi huishi katika nyumba za mbao zilizoezekwa mabati, zilizosimamishwa juu ya mawe ya lava, na mabati hulia kwa shinikizo ambalo ukuta wa matofali hulimeza kimya.

Kwa hiyo kabla kipimo cha kelele kinachokubalika hakijaandikwa kwa ajili ya dunia nzima, naitaka mamlaka ya anga ya Kongo, na za Kenya, Uganda na Tanzania pamoja nayo, zidai mbele ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kule Montréal kwamba utafiti ufanyike pia katika miji iliyopitia vita na katika nyumba za aina yetu. Vipima sauti viwekwe chini ya mabati ya mitaa ya Majengo na Ndosho mjini Goma, usiku na mchana. Wakazi waelezwe mapema ni siku gani na saa ngapi, na wapewe haki ya kusema hapana, jibu hilo lihesabiwe, na ndege isipite.